Shangazi Mwanarusi na Kasiki ya Mgeni

"Shangazi, mbona ukifika kumi unarudi moja?"

Nilimuuliza hivyo mwaka wa 1952, nikiwa na miaka minane, nimechutama kando ya kasiki kwenye baraza ya jikoni kule Diani. Ndani ya ule mtungi mkubwa wa udongo hamkuwa na maji ya kunywa. Mlikuwa na maji ya bahari, na samaki mmoja tu. Shangazi alikuwa ameuinamia mdomo wa kasiki, ushungi umemdondokea begani, anamwambia yule samaki, "Sabalkheri. Leo nne." Na mimi, niliyekuwa nimeanza shule mwaka ule ule na kujiona mwanachuoni, nilijua kabisa kwamba ile haikuwa nne. Ilikuwa kumi na nne.

Alinipa kipande cha muhogo wa kuchemsha, akasema, "Kula, mwanangu, usije ukaniuliza na idadi ya nywele zangu."

Nikala. Lakini swali lilikaa, kama mwiba wa samaki unavyokaa kooni hata ukimeza matonge mangapi ya wali.

Shangazi yangu huyu ni Mwanarusi binti Matano, dada mkubwa wa babangu. Uso wake una alama za ndui, vishimo vidogo vidogo kama mchanga wa pwani uliopigwa na rasharasha. Hapa kwetu Mwabungo watu wanamjua kwa kazi ambayo sijasikia mwanamke mwingine akiifanya. Analea samaki wasioliwa.

Aliipata kwa bahati. Siku za bamvua, maji yakitoka mpaka miamba ionekane, wanawake wa kwetu hushuka kutanda: wawili wanaishika leso kwa ncha zake, wanaiburura ndani ya vidimbwi, na uduvi na visamaki vinabaki juu ya kitambaa. Shangazi alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wenziwe. Samaki wa rangi, wale wasio na nyama, alikuwa akiwachota kwa kiganja chenye maji na kuwarudisha kidimbwini polepole, mmoja mmoja.

"Mwanarusi, maji yanajaa na wewe unawalaza watoto!" walikuwa wakimwambia.

Siku moja akaonwa na mzungu mwenye miwani mizito aliyekuwa akitembea miambani na suruali kaikunja magotini. Huyo alikuwa na nyumba ya wageni ya makuti, vyumba sita, na kila mtu alimwita Bwana Miwani. Alikuwa ametengenezewa hodhi ya kioo Mombasa, ndefu kama kitanda, akaiweka barazani ili wageni waogopao miamba wawaone samaki wakiwa wamekaa vitini. Taabu yake ni kwamba kila samaki aliyeletewa alifika amekwaruzwa na nyavu, akafa.

"Wewe mama," akamwambia shangazi, "weza shika samaki, yeye hapana umia?"

"Naweza," shangazi akasema. "Na kumla pia naweza."

Bwana Miwani akacheka mpaka miwani ikaanguka kidimbwini. Shangazi akaizoa kwa leso. Kazi akaipata hapo hapo.

Kuanzia hapo ikawa kila asubuhi anateka maji ya bahari kwa madebe, anayachuja kwa kitambaa, anayamimina hodhini kutoka juu ili yaingie na hewa. Alimjua kila samaki kwa tabia yake: nani mchoyo, nani mwoga, nani huamka na hasira. Na mpenzi wake hasa alikuwa bunju mmoja aliyemwita Karani, kwa tumbo lake na kwa macho yake makubwa yanayomtazama mtu kama yanauliza kodi. Karani alikuwa akija juu ya maji na kula kamba mkononi mwa shangazi. Akichelewa kuletewa chakula, anamtemea maji. Wallahi nimemwona.

"Samaki mwenyewe ana sumu, haliki," Dzombo, mpishi wa pale, alikuwa akinung'unika. "Anakula kamba wazima na mimi napewa maganda. Kesho ataomba na likizo."

"Akiomba atapewa," shangazi humjibu. "Yeye hajawahi kuunguza wali."

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa kwa miaka minne, mpaka alipokuja Makame na vitatange wanne, samaki wa rangi wa miambani.

Makame ni mvuvi wa Vanga, mtu wa heshima na maneno mengi. Aliwaleta kwenye pipa, juu ya lori lililobeba magogo ya mikoko, njia mbovu yote ile, huku kalishika pipa kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto. Ilikuwa alasiri. Bwana Miwani alikuwa amekwenda Mombasa.

"Waache kwanza humu pipani mpaka kesho," Makame akasema. "Wamechoka na safari."

Shangazi akamtazama kana kwamba amesema neno baya. "Makame! Mgeni alale uani, na nyumba ipo?"

Na hili ndilo kosa lake, naliandika kwa sababu mwenyewe hulisema bila kuficha. Kwetu mgeni akifika humuulizi atokako kabla hajanawa na kula. Shangazi akawafanyia samaki vivyo hivyo. Akawapokea kwa karai, akawaambia karibuni, akawatia hodhini jua halijatua.

Siku ya tano wale wageni wakaota vidoa vyeupe, kama chenga za chumvi. Siku ya saba vidoa vikawapata wenyeji. Wakawa wanajisugua mawe, wanahema juu ya maji. Siku ya kumi na mbili hodhini kote alikuwa amebaki Karani peke yake, kajibanza pembeni, naye ana vidoa vitatu mkiani. Shangazi aliwazika wengine mchangani kwa mkono wake, kwa kuwa hakutaka kuku wawadonoe. Nilimfuata na kifuu cha kuchimbia. Hakulia. Alikuwa akigusagusa shavu lake tu, pale penye vishimo.

Bwana Miwani akarudi, akakuta hodhini amebaki Karani tu. Kisha akaleta kitabu chake cha samaki kilichotoka Ulaya.

"Kitabu sema," akaanza, "samaki mpya kaa mbali. Peke yake. Wiki mbili. Karantini. Mimi taweka maji ingine kule stoo nyuma, funga mlango, kimya, giza kidogo. Wewe peleka chakula, basi, toka."

"Hapana, bwana."

"Hapana nini?"

"Kazi yote nitakufanyia. Hiyo ya kumfungia kiumbe peke yake gizani, siifanyi."

Bwana Miwani akavua miwani, akaifuta. Hakuwa mtu wa kufoka. Akasema kwamba hawezi kuwaonyesha wageni samaki wanaokufa. Wakifa tena mara moja, hodhi ataitoboa apande maua ndani yake, na Karani atarudi baharini.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Karani alikwisha kupona, lakini alikuwa amezoea mkono wa mtu kwa miaka minne. Mtu akitia mkono majini, yeye huja. Baharini angeufuata mkono wa kwanza aliouona, na si kila mkono una kamba ndani yake. Shangazi alilijua hilo kuliko sote. Na bado hakuweza kusema ndiyo. Akafunga leso yake, akaja kwetu, akakaa siku tatu bila kwenda kazini.

Nilimuuliza mamangu, kwa siri, kwa nini shangazi anaiogopa stoo.

"Alipokuwa mtoto kama wewe alipata ndui," mama akaniambia. "Wakamtoa kijijini, wakamweka kwenye kibanda nyuma ya mikorosho, peke yake, mlango umefungwa kwa kamba. Zaidi ya hapo sijui, nilikuwa sijaolewa hapa. Muulize babako."

Nikamuuliza baba. Baba ni mkwezi wa minazi, mtu wa maneno machache. Aliniangalia, akachukua panga, akatoka kwenda kulinoa, nalo lilikuwa limenolewa asubuhi.

Siku ya tatu, shangazi alikuwa amekaa uani anachambua mchicha. Chini ya mlonge palikuwa na tembe mmoja aliyefungwa kamba mguuni. Mama alikuwa amemnunua sokoni Msambweni. Kuku wetu wengine walikuwa wakipitapita mbali kidogo, wanamtazama yeye, naye anawatazama wao.

"Wifi," shangazi akasema, "huyu kafungwa kwa kosa gani?"

"Kosa la ugeni," mama akacheka. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mwaka juzi nilimwachia mmoja, kideri kikanimalizia banda zima. Toka hapo simwachii hata akija na barua ya kadhi."

"Na mbona umemfunga hapa katikati ya ua?"

"Sasa nimfunge wapi, wifi, msituni aliwe na ngawa? Hapa namwona. Akikohoa namsikia. Na yeye anatuona, hapati kihoro."

Shangazi akauacha mchicha. Akamtazama yule kuku muda mrefu hata mama akaona haya, akadhani labda kamba imekaza. Kisha shangazi akasimama, akaingia chumba cha nyuma, akatoka anabingirisha kasiki mbili za marehemu nyanya, zile zenye midomo mipana.

"Mwanapili," akaniita, "shika hii nyingine. Na ukiivunja, usirudi nyumbani."

Hivyo ndivyo kasiki zilivyofika kwenye baraza ya jikoni, pahali ambapo mpishi, dobi, mtunza bustani na kila mwenye kutaka chai lazima apite. Bwana Miwani akaja kuzitazama.

"Nitamtenga mgeni, bwana," shangazi akamwambia. "Lakini si stoo. Hapa, njiani, kila apitaye amwone."

"Kitabu sema pahali ya kimya."

"Kitabu chako kimewahi kutengwa?"

Bwana Miwani alikitazama kitabu chake. Sijui alielewa nini. Alikiweka kitabu kwapani, akasema, "Sawa, Mama Samaki. Jaribu."

Makame alileta kitatange mmoja tu safari hii, kinda, mdogo kuliko kiganja changu, rangi ya buluu iliyokolea, na miviringo myeupe juu yake kana kwamba mtu amemzungushia uzi. Akatiwa kasikini. Asubuhi ya pili shangazi akamwinamia. "Sabalkheri. Leo moja." Siku ya tatu akamhamishia kasiki ya pili, ile ya kwanza akaisugua kwa mchanga na kuilaza juani ikauke kabisa, kama alivyoona wakichoma mikeka ya wagonjwa zamani. Kila siku tatu, hamisha. Kila asubuhi, salamu na hesabu. Zikitimia kumi, anaweka simbi mmoja, kombe dogo la pwani, juu ya ukuta wa baraza, na hesabu inaanza upya.

Dzombo alipata mchezo. "Bi Mwanarusi, mgeni wako kaamkaje? Kasema anataka chai au kahawa? Nikabidhi mimi nimtie karantini ya tui la nazi, dakika kumi tu, hapati ugonjwa tena maishani."

"Wewe pita na sufuria lako," shangazi anasema. "Lakini ukipita, mtazame."

"Nimtazame nini?"

"Mtazame tu."

Siku ile ya kumi na nne, niliyouliza swali langu, Bwana Miwani alikuja na kitabu mkono mmoja na wavu mdogo mkono wa pili. Wageni kutoka Nairobi walikuwa wakija baada ya siku tatu, na hodhini alikuwamo Karani peke yake na mawe.

"Wiki mbili kwisha," akasema. "Samaki safi, mzuri. Leo ingia."

"Bado, bwana. Arobaini."

"Arobaini! Nani sema arobaini?"

"Mzazi hukaa ndani arobaini. Maiti husomewa arobaini. Samaki ni nani hata atoke kabla?"

"Lakini kitabu..." Akauteremsha wavu. Shangazi akaufunika mdomo wa kasiki kwa viganja vyake viwili. Yeye, aliyekataa kabisa kumtenga kiumbe, sasa amesimama kama askari ili asitolewe. Mimi nilikuwa bado na ule muhogo mdomoni.

"Bwana, kosa la kwanza lilikuwa langu," akasema taratibu. "Niliwatia mapema, nikawazika. Ukimtia huyu leo, hilo litakuwa lako. Mimi namtoa Karani, nakwenda naye kwangu kwa karai."

Dzombo alikuwa amesimama mlangoni na mwiko hewani. Bwana Miwani akauweka wavu juu ya meza, polepole. "Mimi ngoja mpaka wageni fika," akasema. "Siku tatu. Basi."

Siku hizo tatu shangazi hakula vizuri. Na ile asubuhi ya tatu, kabla hata hajafika na debe lake la kwanza, tukasikia Dzombo akipiga kelele.

"Bi Mwanarusi! Njoo! Mgeni wako kamwagiwa chumvi!"

Tukakimbia. Vidoa sita, nilivihesabu, juu ya pezi la kushoto. Dzombo ndiye aliyeviona, kwa sababu alipita na sufuria lake akamtazama, kama alivyoagizwa. Hakufanya mzaha. Alikuwa ameshika kichwa.

Bwana Miwani alikuja na nguo za kulalia. Akamtazama kitatange, akageuka akaitazama hodhi kule barazani, Karani yumo ndani anazunguka mzima kabisa, anadai kamba. Akarudi kumtazama shangazi. Alikwenda kuchukua debe, akakunja suruali magotini, akashuka pwani kuteka maji mwenyewe. Wageni wa Nairobi walipofika walionyeshwa samaki mmoja tu, bunju, na wakampenda hasa alipomtemea maji bibi mmoja kwenye kofia.

Shangazi akazidisha kazi. Hamisha, sugua, anika. Aliacha kwenda arusi ya jirani. Vidoa vikapungua, vikabaki viwili, vikaisha. Ndipo akawaondoa simbi wote ukutani, akaanza hesabu upya kwa moja, na safari hii hakuna aliyeleta kitabu. Simbi wa nne alipowekwa, Dzombo, dobi na Bwana Miwani walikuja wote kutazama kitatange akiingia hodhini. Karani alimkaribia, akamzunguka mara moja, akavimba kama mpira. Yule mdogo akajificha nyuma ya jiwe.

"Anamwuliza pasi," Dzombo akasema.

Tokea siku ile mpaka leo, mwaka wa 1958, hakuna samaki aliyeingia hodhi ile bila kupita kasikini, na sijaona tena kidoa cheupe upande wa pili wa kioo. Kitatange amekuwa mkubwa, ile miviringo yake myeupe imegeuka mistari ya manjano, hata wageni hawaamini kwamba ndiye yule yule. Bwana Miwani amekata kwa wino ile "wiki mbili" ndani ya kitabu chake, akaandika pembeni arobaini. Nimeiona.

Na mimi nina deni langu la shukrani. Mwaka juzi nilipata tetekuwanga wakati wa likizo, na kwa kuwa mdogo wangu alikuwa mchanga bado, mama akaniweka chumba cha nyuma peke yangu. Nilikuwa mkubwa, nasoma Kwale, nikajiambia si kitu. Siku ya pili nilikuwa nalia nimeuma shuka. Alfajiri ya tatu nikasikia debe likitua chini nje ya dirisha, na sauti, "Sabalkheri, Mwanapili. Leo tatu." Ni hilo tu, kisha akaenda zake kazini. Akaja kila siku. Siku ya kumi na moja akasema, "Leo moja." Sikumsahihisha. Nilicheka peke yangu mle ndani, nikalala vizuri.

Ndiyo maana likizo hii nimemuuliza tena. Tulikuwa uani baada ya chakula cha mchana. Shangazi alikuwa amepika tasi wa nazi, na kama kawaida yake, kichwa cha samaki alikuwa amemtilia babangu. Toka nizaliwe ni hivyo: awepo mgeni, awepo nani, kichwa ni cha Salimu, mdogo wake, na hakuna aliyewahi kuuliza sababu.

"Shangazi," nikasema, "sasa nimekua. Hesabu unaijua kunizidi, juzi ulimkamata Makame kwenye samaki thelathini na saba. Mbona wale wa kasikini unawahesabia mpaka kumi tu?"

Baba akaacha kuchokoa kichwa cha samaki.

"Mambo ya zamani hayo," akasema.

"Ya zamani, ndiyo," shangazi akasema, "lakini mtoto kauliza mara mbili." Akajifuta mikono kwa leso, akanitazama mimi, si yeye. "Kile kibanda cha ndui, mwanangu, chakula kilikuwa kikiwekwa kwenye gogo, aliyeleta anakimbia. Hakuna aliyeniambia ni siku ngapi. Nilidhani ndiyo nimehamia. Kulikuwa na mnazi mfupi upande wa pili wa mikorosho, na kitoto cha miaka sita kilichokatazwa kukanyaga njia ile. Kwa hiyo hakikukanyaga njia. Kila alfajiri kilikuwa kikipanda ule mnazi, mpaka kinaliona paa langu, kinapiga kelele, 'Dada! Leo moja! Dada! Leo mbili!' Na mimi nikajua kumbe zinahesabika. Kumbe zina mwisho. Kilikuja siku zote arobaini, hata ya mvua hakikukosa. Na babako wakati ule alikuwa hajui kumi na moja."